Uani Si Kiwanja cha Pili

Malalamiko mengi yanayofika ofisini kwetu msimu huu wa mvua ni ya moshi ukumbini. Mpangaji wa chumba cha pili anamshtaki wa chumba cha tano kwa kupika koridoni. Wa chumba cha tano anajibu kwamba hana pa kupikia. Wote wawili wanasema kweli.

Nyumba ya Kiswahili, hizi za Manzese, Tandale na Buguruni jijini Dar es Salaam, ilipangwa kwa hesabu. Vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, na uani kuna jiko, bafu na choo. Kaya sita zinaweza kuishi humo, kila moja na chumba chake, kwa sababu shughuli za moto na maji ziko nje. Mwenye nyumba akijaza vyumba vya kupangisha uani, jiko halipotei, linahamia ndani. Mkaa unawashwa ukumbini, mtungi wa gesi unasukumwa uvunguni. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutuama chini, huko huko uvunguni, hata kama dirisha liko wazi. Kuna na vyumba vilivyojengwa juu ya shimo la choo. Gari la majitaka likija, bomba halina pa kupita.

Jibu tunalopewa kwenye ukaguzi ni lile lile: “Hii ni nyongeza tu, sijajenga nyumba.” Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 haina kifungu cha “tu”. Nyongeza inahitaji kibali cha ujenzi kutoka halmashauri. Barua ya mwenyekiti wa mtaa ni utambulisho, haijawahi kuwa kibali. Mwombaji alete ramani inayoonyesha jengo lililopo na sehemu inayoongezwa, pamoja na hati au leseni ya makazi. Ramani itapitiwa na watu wa mipango miji, mhandisi na afisa afya, kila mmoja kwa nafasi yake. Ikirudishwa na maoni, irekebishwe iletwe tena. Kurudishwa si kukataliwa. Anayejenga bila kibali hupewa notisi ya kusimamisha ujenzi, na akiendelea, ya kubomoa. Asipobomoa mwenyewe, halmashauri inaweza kubomoa kwa gharama za huyo aliyejenga. Alama nyekundu ya X ukutani haifutwi kwa chokaa, ingawa wapo wanaojaribu.

Kwa wapangaji, ukumbi ndiyo njia yenu ya kutokea moto ukizuka. Tunaelewa kwamba pikipiki ikilala nje huenda asubuhi isionekane. Basi ilazwe upande mmoja, ndoo na madumu yasikae upande wa pili. Na mlango wa uani usifungwe usiku kwa kufuli ambalo ufunguo wake anao mtu mmoja, tena analala chumba cha mbele. Zimamoto wanapatikana kwa namba 114.