Kwa nini uambiwe usile mahamri kabla ya picha ya moyo?

Mtu wa Mombasa akiambiwa asiguse mahamri, viazi karai wala wali wa nazi hadi apigwe picha, huenda akadhani ameonekana na kisukari. Kumbe anatayarishwa kwa skani ya PET, yaani picha inayoonyesha sehemu za mwili zinazotumia sukari kwa wingi, inayowapeleka wagonjwa wengi wa hapa hadi Nairobi. Wakati mwingine kinachotafutwa ni saratani iliyohamia moyoni.

Kwenye skani hiyo, mgonjwa hudungwa sukari iliyobeba florini yenye mnururisho, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110 hivi. Seli za saratani ni walafi wa sukari, kwa hiyo huifyonza na kung'aa pichani. Shida ni kwamba moyo nao hula. Hupiga mara laki moja hivi kwa siku, na ukila wanga, insulini huufungulia mlango wa sukari. Moyo mzima ukiwaka, uvimbe mdogo hauonekani, kama karabai ya mvuvi saa sita za mchana.

Ndipo mgonjwa huambiwa ale samaki, nyama na mayai siku moja kabla, kisha afunge kwa saa 12 au zaidi, maji tu. (Mwenye kisukari asifunge kabla ya kuwaeleza wahudumu.) Moyo hugeukia mafuta, sukari ikaachiwa saratani. Mioyo mingine hung'ang'ania sukari hata hivyo, na picha ikaharibika.

Saratani inayoanzia moyoni ni nadra mno. Inayohamia huko ni nyingi zaidi, angalau mara ishirini. Hutoka mapafuni, kwenye titi, kwenye limfu, au kwenye melanoma, aina ya saratani ya ngozi. Ya figo huweza kutambaa ndani ya mshipa mkuu wa damu mpaka upande wa kulia wa moyo! Mara nyingi saratani hizi hushambulia utando unaouzunguka moyo, maji yakajaa na kuubana. Hapo eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ndiyo ya kwanza: ni ya haraka na haina mnururisho.

Eko ikionyesha kitu ndani ya moyo, MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, husaidia kujua ni uvimbe au bonge la damu. Uvimbe una mishipa, hivyo kwa kawaida hunywa gadolinia, dawa inayodungwa mshipani kwa ajili ya picha, na kung'aa. Bonge hubaki jeusi. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mgonjwa: dawa ya kuzuia damu kuganda husaidia bonge lisikue, lakini uvimbe haiutibu.