Kumwadibu Mtoto Mdogo Anayelelewa na Watu Wengi: Maswali na Majibu

Je, mtoto wa miaka 2 anaelewa kwa nini anaadhibiwa?

Anaelewa kidogo, tena pale tu adhabu inapofuata kosa papo hapo. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayomwezesha mtu kujizuia, huendelea kukomaa hadi baada ya miaka 20, na ndiyo maana mtoto huweza kutamka "usiguse" huku mkono wake umekwisha kukishika kitu chenyewe. Huo si ujeuri.

Yaya akinieleza jioni kwamba mtoto alimuuma mwenzake asubuhi, nimwadhibu tena?

Hapana. Kosa hushughulikiwa mara moja, na aliyelishuhudia. Mtoto wa umri huo hawezi kuihusisha hasira yako ya jioni na tendo la asubuhi. Atakachojifunza ni kwamba kurudi kwako nyumbani kunatisha. Lililo muhimu zaidi ni kumuuliza yaya kilichotangulia, kwa kuwa watoto wengi huuma wanapokuwa na usingizi, njaa, au wanaponyang'anywa kitu nao hawana maneno ya kulalamika.

Lazima walezi wote wawe na kanuni zilezile?

Si zote. Bibi akimruhusu kurukaruka kitandani nawe ukamkataza, mtoto atazoea tofauti hiyo upesi kuliko watu wazima wanavyodhani. Yasiyopaswa kutofautiana ni machache: kupiga, kuuma, na kukaribia moto, maji au barabara. Jambo jingine ni kilio cha kudai kitu. Mlezi mmoja akikataa na mwingine akatoa baada ya kilio kirefu, mtoto hujifunza kwamba anayevumilia kulia hatimaye hupata, na tabia inayotuzwa mara moja moja huwa ngumu kuliko zote kuiondoa. Ni afadhali kumpa kabla hajaanza kulia kuliko kumpa baada ya nusu saa.

Vipi kuhusu kumkalisha pembeni?

Inafaa kuanzia miaka 2 au 3, kwa takribani dakika moja kwa kila mwaka wa umri, akiwa anaonekana. Asifungiwe chumbani.

Nifanye nini mlezi akimpiga?

Zungumza naye faraghani, bila kumfokea mbele ya mtoto, na umweleze cha kufanya badala ya kiboko, kwani kumkataza tu kunamwacha mikono mitupu. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, kiliwashauri wazazi na walezi wasiwapige watoto kabisa, kwa sababu kipigo huzidisha ukali wa mtoto kadiri anavyokua. Kumtikisa mtoto mchanga au mdogo kwa nguvu ni hatari zaidi, maana kunaweza kusababisha damu kuvuja ndani ya ubongo. Ukiona michubuko isiyo na maelezo, hofu ya ghafla kwa mlezi fulani, au mtoto aliyetikiswa akitapika au akilegea, mpeleke hospitali mara moja, na asirudishwe kwa mlezi huyo kabla ukweli haujajulikana.