Kabla Hujawasha Mashine ya Chapa: Ushauri kwa Mafundi wa Lamu

Tangu jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa, litweke tanga kwenda Zanzibar mwaka 2019, sijasikia tena mtu akiuliza kama plastiki ya ufukweni inafaa kuundia kitu. Swali tunaloletewa sasa kwenye karakana ya chuo ni la mapambo: jina la mji, nembo, picha ya jahazi, vipigwe vipi visibanduke?

Fundi mmoja alitujia na mfuko wa vishikio vya funguo alivyovimimina kwa plastiki ya madumu. Alikuwa amevipiga jina la Lamu kwa chapa ya moto, yaani chuma cha moto kinachokandamiza foili, utepe mwembamba wenye rangi, hapa ya dhahabu. Mezani vilipendeza, lakini baada ya wiki moja dhahabu ilikuwa ikitoka kwa ukucha. Akadhani joto halikutosha, akaongeza. Awamu ya pili kingo zikayeyuka.

Tatizo lake lilikuwa plastiki yenyewe. Madumu mengi ni polietilini nzito, ambayo huyeyuka karibu na nyuzi 130 za selsiasi. Vifuniko vingi vya chupa ni polipropilini, nayo huyeyuka karibu na nyuzi 160. Foili nyingi hupigwa kati ya nyuzi 100 na 200, kwa hiyo nafasi ya kuchezea ni finyu. Tena plastiki hizi mbili zina uso unaokataa gundi. Tone la maji juu yake husimama kama shanga. Dawa yake ni kupitisha mwali wa buluu juu ya uso kwa haraka sana, bila kusimama, mahali penye hewa ya kutosha. Ukimwagia maji sasa, yatatandaa. Basi piga chapa siku hiyohiyo, maana uso huo hurudia hali yake taratibu. Na nunua foili iliyotengenezewa plastiki ya aina hiyo. Ile ya ngozi au ya karatasi haitakufaa.

Inafaa kujua foili ni nini. Ni utepe mwembamba wa polyesta uliobeba tabaka la nta la kuachia, tabaka la rangi au aluminiamu, na gundi chini kabisa. Chuma cha moto kikikandamiza, nta huachia na gundi hushika. Mambo matatu ndiyo yanayoamua: joto, mkazo na muda. Anza na joto la chini, upande nyuzi 5 kwa 5. Ukiona herufi zina matundu, angalia kwanza kama mkazo uko sawa kotekote kabla hujagusa joto. Ukiona kingo zimevimba au dhahabu imefifia, umezidisha. Kwa uso mgumu usio sawasawa, chapa ya silikoni, mpira laini unaostahimili joto, hufuata mabonde vizuri kuliko chapa ya shaba.

Kwa makubadhi, chapa ya moto ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ngozi hukubali shaba vizuri, na ukipiga bila foili kabisa, alama ya kahawia iliyozama haina kitu cha kubanduka. Hakikisha tu ngozi ni kavu, la sivyo itajikunja.

Foili lakini hutoa rangi moja kwa kila pigo. Ukitaka jahazi lenye tanga jeupe, bahari ya buluu na jua jekundu, tumia filamu iliyokwisha chapwa picha nzima, inayohamishwa kwa joto mara moja. Gharama yake iko kwenye kuandaa mchoro, ndiyo maana viwanda huitumia kwa maelfu ya vipande. Filamu za kuchapwa kwa kompyuta zimewafungulia mlango wenye oda ndogo. Ulizia hizo kwanza.

Sablimesheni, ile ya vikombe na fulana, hufanya kazi karibu na nyuzi 200: rangi hugeuka mvuke na kuingia ndani ya polyesta. Haina rangi nyeupe, hivyo kitu chenyewe kiwe cheupe au cha rangi nyepesi. Pamba tupu haiishiki. Kikombe nacho lazima kiwe kimepakwa tabaka maalumu la kushika rangi hiyo. Jua kali huififisha, kwa hiyo usiitumie kwa kibao cha mlangoni.

Chochote utakachochagua, jaribu vipande vitano kwanza. Bandika utepe wa gundi na uuvute kwa nguvu. Loweka kimoja kwenye maji ya bahari usiku kucha, kingine kipake mafuta ya kujikinga na jua, kwa sababu mgeni wako ataenda navyo mifukoni hadi ufukwe wa Shela akiwa amejipaka mafuta hayohayo.

Yule fundi tulikaa naye asubuhi nzima. Vishikio vilivyobanduka tulivikwangua, tukavipitisha kwenye mwali, tukavipiga upya kwa joto la chini na foili nyingine. Vilivyoyeyuka kingo alivirudisha kwenye mashine ya kusaga, akavimimina upya.