Hisabati haijakwisha, na aljebra ndiyo kabisa

"Dokta, sasa unatafiti nini wakati hisabati ilishakamilika tangu enzi za Wagiriki?" Naulizwa na wazazi siku za usajili, naulizwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hata na wahadhiri wa vitivo vingine. Nimelisikia kupita kiasi, na linaniumiza kwa sababu linawakimbiza vijana wenye uwezo.

Dhana hii inazaliwa shuleni. Kila swali lina jibu nyuma ya kitabu, na kalkulasi ya kidato cha sita ni ya karne ya 17. Mwanafunzi hajawahi kuonyeshwa swali ambalo mwalimu wake halijui jibu lake. Basi nikuonyeshe moja.

Matriksi (jedwali la namba) yoyote ya mraba yenye namba changamano ina walau vekta aigeni moja, yaani vekta isiyo sifuri ambayo matriksi huizidisha tu kwa namba fulani, λ. Sasa ingia kwenye vipimo visivyo na ukomo, ambako vekta ni mfuatano usioisha wa namba. Chukua opereta (kanuni ya kugeuza vekta moja kuwa nyingine) inayosogeza mfuatano (a, b, c, …) kuwa (0, a, b, …). Tafuta vekta aigeni kwa kalamu: 0 = λa, a = λb, b = λc. Kila herufi inalazimika kuwa sifuri, kwa hiyo vekta aigeni haipo. Lakini mifuatano yote inayoanza na sifuri inabaki humohumo baada ya kusogezwa. Hiyo ni nafasi ndogo isiyotoroka, yaani sehemu ya nafasi nzima ambayo opereta huirudisha ndani yake yenyewe. Je, kila opereta ya mstari yenye mpaka (isiyorefusha vekta kupita kiwango fulani) ina nafasi ndogo ya namna hiyo, iliyofungwa (yenye pia kila kikomo cha mifuatano yake), isiyo sifuri tupu wala nafasi nzima?

Kwa nafasi za Banach, yaani nafasi za vekta zenye kipimo cha urefu na zisizo na mapengo, jibu ni hapana. Per Enflo wa Sweden aliwasilisha uthibitisho mwaka 1981. Ulikuwa mrefu na mgumu hata ukachapishwa 1987, na katikati hapo Charles Read alishatoa mfano wake. Kwa nafasi ya Hilbert, aina maalumu ya nafasi ya Banach yenye pia pembe, ambayo wanafizikia wanaitumia kila siku, hakuna uthibitisho uliokubalika hadi sasa. Swali linaeleweka kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, halafu mtu ananiambia kazi imekwisha!

Enflo huyohuyo, mwaka 1972, alijibu swali ambalo Stanisław Mazur aliliandika mwaka 1936 katika daftari la wanahisabati wa mkahawa mmoja wa Lwów (mji uliokuwa Poland, leo Lviv nchini Ukraine), akiahidi bata bukini hai kwa atakayelitatua. Mazur alimkabidhi bukini wake Warszawa.

Wengine husema ni mahesabu tu, kompyuta itamaliza. Hapana. Mwaka 1959 wanahisabati Kadison na Singer waliuliza swali la aljebra za opereta (mikusanyiko ya opereta zinazojumlishwa na kuzidishwa) lililotokana na fizikia ya kwanta. Lilijibiwa 2013 na Marcus, Spielman na Srivastava, watu waliokuwa karibu zaidi na sayansi ya kompyuta, kwa hoja kuhusu mizizi ya polinomia. Kilichohitajika ni wazo jipya. Kasi ya kukokotoa isingewafikisha popote.

Na wanaodai kwamba mwanahisabati akipita miaka 30 amekwisha? Mwanahisabati wa Kisovieti Israel Gelfand, aliyeziunganisha aljebra na uchanganuzi wa funksheni (tawi linalochunguza nafasi na opereta kama hizo za juu) kuliko karibu mtu yeyote, alizaliwa 1913, na mwaka 1994 bado alikuwa anachapisha kitabu kizito cha aljebra pamoja na wenzake wawili. Tena hakuwahi kumaliza sekondari.

Na ile dhana ya mtafiti kujifungia chumbani peke yake, naomba iachwe. Semina ya Gelfand iliendelea Moscow kwa miongo kadhaa, Jumatatu jioni, wanafunzi na maprofesa chumba kimoja, na yeyote angeweza kuitwa ubaoni aeleze upya alichosikia. Kwa hiyo wanaotaka njia hii nawaambia hilohilo kila muhula: rudia aljebra ya mstari pamoja na uthibitisho wake wote, kwa mkono, bila kuangalia kitabu. Kisha njoo semina hata kama unaelewa dakika kumi za kwanza tu, na uulize swali kabla mzungumzaji hajafuta ubao.