Ramani kwanza, kioo baadaye: kuchagua kifaa cha GPS kwa boti za Ziwa Victoria

Tangu wamiliki wa boti waanze kuagiza vifaa vya GPS mtandaoni, au kuletewa na ndugu wanaotoka Dubai, meza yetu ya ukaguzi imegeuka kaunta ya malalamiko. Mtu anaingia na boksi, anatoa kifaa, anakiwasha, kisha anatuuliza kwa nini boti yake inaonekana imepanda mlima. Mwingine anadai ametapeliwa kwa sababu kifaa "hakina Ukerewe". Wa tatu anakasirika kwamba mkaguzi amekataa kukipokea badala ya dira. Kwa kuwa maswali ni yale yale, tumeona tuyajibu kwa pamoja, tukiamini kwamba kila aliyetumia fedha yake kwenye kifaa hiki alikuwa na nia njema ya kulinda abiria wake.

Kwanza, tofautisheni kifaa na ramani. Kujua mahali ulipo ni kazi nyepesi siku hizi. Simu ya kawaida inapokea mawimbi ya setilaiti, ikizipata nne au zaidi inakokotoa mahali ilipo, na ukiwa ziwani pasipo na kitu cha kuziba anga inakosea kwa mita chache tu. Haihitaji laini wala bando. Narudia, kwa sababu swali la "kinakula bando kiasi gani" tunaulizwa karibu kila wiki: hakili bando. Bando linahitajika kupakua ramani, na hiyo ni kazi ya kufanya nyumbani kabla ya kuondoka. Tatizo la simu liko kwingine. Fungua Google Maps ukiwa kwenye Ghuba ya Speke, utaona bluu moja tangu mwaloni hadi ng'ambo, kana kwamba ziwa lote ni bwawa la kuogelea. Hakuna kina, hakuna mwamba, hakuna fungu la mchanga.

Kwa hiyo unapolipia chatiplota, yaani kifaa cha GPS chenye kioo cha kuonyesha ramani ya majini, thamani yake iko kwenye ramani ya majini iliyomo ndani, na ramani hiyo lazima iwe ya ziwa hili. Kadi ya ramani kama LakeMaster husifiwa kuwa na maelfu ya maziwa, na ni kweli inayo, ila ni ya Marekani. Ukiichomeka hapa utapata mchoro wa pwani na bluu tupu. Wengine wananunua Garmin Striker kwa kuwa bei yake ni nafuu. Ni kipima kina kizuri. Kinahifadhi alama ulizoweka na njia uliyopita. Lakini hakipokei kadi ya ramani, na muuzaji hana sababu ya kukuambia hivyo kabla hujalipa.

Njia ya kujikinga haina gharama. Watengenezaji wakubwa wa ramani, kwa mfano Navionics na C-MAP, wana ukurasa mtandaoni ambapo unaweza kuitazama ramani kabla ya kuinunua. Fungua, nenda kwenye njia unayopita wewe, tuseme Mwanza hadi Nansio, au Nansio kuelekea Ukara, kisha kuza mpaka mwisho. Hesabu namba za kina unazoziona. Kama kati ya visiwa hakuna namba, au mistari ya kina inakatika ghafla kama barabara iliyoishiwa bajeti, huo ndio ubora wa ramani utakayouziwa. Hakuna kioo cha inchi 12 kitakachokuongezea kina ambacho hakijapimwa.

Hapa niseme jambo ambalo vipeperushi vya kibiashara havilisemi. Kampuni ya ramani haitumi boti yake kupima kila ghuba. Inakusanya vipimo vilivyopo, vya kale na vipya, na kuvichora upya kwa rangi za kuvutia. Upimaji wa kwanza wa maana wa ziwa letu ulifanywa na Kamanda Whitehouse wa jeshi la majini la Uingereza, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Enzi hizo kina kilipimwa kwa bildi, yaani kamba yenye kitu kizito mwishoni: unatupa, unasoma kamba, unasonga mbele, unatupa tena. Kati ya kutupa mara moja na mara ya pili mwamba ungeweza kujificha, na ukajificha hadi leo. Ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800 halimalizwi kwa kamba. Na ziwa hili si la kina kirefu. Pale lilipozama zaidi ni mita 80 na kitu, wastani wake ni kama mita 40. Hatari haiko katikati ambako watu wanaogopa. Iko kandokando, kwenye miamba ya Ghuba ya Mwanza na kwenye milango ya visiwa, pale ambapo nahodha ameshaona nyumba na ameanza kulegea.

Halafu kuna maji yenyewe. Mwezi Mei 2020, kipimo cha kiwango cha maji cha Jinja, Uganda, kilifika mita 13.42 na kuvuka rekodi ya mwaka 1964 ya mita 13.41. Mwaka 2006 ziwa lilikuwa limeshuka kwa zaidi ya mita 2 chini ya kiwango hicho. Namba ya kina iliyoandikwa kwenye ramani imepimwa kutoka kiwango fulani cha maji, kilichochaguliwa siku fulani. Maji yakipanda, namba inakudanganya kwa faida yako. Yakishuka, inakudanganya kwa hasara ya injini yako. Ndiyo maana tunasisitiza kipima kina kiunganishwe na chatiplota: ramani inakwambia palivyokuwa, sensa iliyo chini ya boti inakwambia palivyo sasa. Katika ziwa hili huhitaji sensa kubwa ya bahari kuu. Masafa ya kilohezi 200 yanatosha kabisa kwa vina vyetu. Ila kifaa kiwekwe kwenye mpangilio wa maji baridi, kwa kuwa sauti husafiri polepole zaidi humo kuliko katika maji ya chumvi. Na umbali kutoka sensa hadi ncha ya chini kabisa ya propela uingizwe. Tumekuta boti ambazo fundi hakugusa hata kimoja kati ya hivyo viwili, na mwenye boti anajisifu kwamba "kila kitu kimesetiwa".

Ramani huzeeka pia. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, limefunguliwa mwaka 2025. Ramani ya miaka michache nyuma bado inaonyesha mstari wa kivuko pale na maji matupu kulia na kushoto. Vizimba vya samaki vinaongezeka kila msimu na havimo kwenye ramani kabisa. Uliza gharama ya kusasisha ramani kabla ya kulipa, maana kuna wanaouza kifaa kwa bei ya chini na kurudisha faida yao kwenye ada ya kila mwaka. Vifaa vingi vya sasa vinaweza kuchora ramani ya kina wewe mwenyewe unapopita. Garmin wanakiita kipengele hicho Quickdraw, wengine wana majina yao. Kiwashe tangu siku ya kwanza. Nahodha aliyepita njia moja kwa mwaka mzima kifaa kikiwa kinachora ana ramani ambayo haiuzwi popote.

Sasa kuhusu kukuza na kupunguza picha, jambo ambalo linaonekana la kitoto mpaka litokee. Ukiitazama ramani ya kidijitali kwa mbali, programu hupunguza vitu ili kioo kisijae, na mwamba ni kati ya vitu vinavyopotea. Novemba 29, 2014, boti ya mashindano Team Vestas Wind, yenye mabaharia wa kulipwa na vifaa ambavyo wengi wetu hatutavigusa, ilipanda miamba ya Cargados Carajos huko Mauritius. Miamba hiyo ilikuwemo kwenye ramani yao. Hawakuwa wamekuza vya kutosha. Wote tisa waliokolewa, boti ikabaki juu ya mwamba. Kabla ya safari, pitia njia yako yote kwa ukuzaji wa karibu, kipande kwa kipande. Ule mstari ambao kifaa kinauchora chenyewe kutoka hapa hadi kule ni pendekezo la mashine isiyojua maji yameshuka.

Kipengele kinachotusumbua zaidi kiofisi ni namba za mahali. Namba 2°30.50' na 2°30'50" siyo kitu kimoja. Ya kwanza ni dakika 30 na nusu. Ya pili ni dakika 30 na sekunde 50. Tofauti yake ziwani ni zaidi ya mita 600, na usiku mita 600 ni mbali. Weka kifaa kwenye nyuzi, dakika na desimali, na usikibadilishe. Herufi ya kusini isisahaulike: Mwanza iko nyuzi 2 na dakika 31 kusini, na mtu akiandika kaskazini amejiweka nchi kavu kaskazini mwa mji wa Lira, Uganda. Anayehamisha alama kutoka ramani za zamani za karatasi akumbuke kwamba ramani nyingi za Afrika Mashariki zilichorwa kwa mfumo wa kupimia mahali uitwao Arc 1960, wakati GPS inatumia WGS84. Pengo kati ya mifumo hiyo hapa kwetu ni karibu mita 300 kwa mwelekeo wa kaskazini na kusini. Boti nyingi "zinazopanda mlima" zimepandishwa na hilo, si na ubovu wa kifaa.

Na sasa dhana ambayo kwa kweli imetuchosha. GPS haimwambii mtu yeyote mahali ulipo. Inapokea tu. Kuwa na chatiplota ya milioni tatu hakumfanyi mwokoaji akuone. Ili uonekane au usikike unahitaji kifaa kinachotuma: redio ya VHF, na chaneli ya wito wa dharura ni 16, AIS inayorusha (kifaa kinachotangaza utambulisho wa chombo na mahali kilipo), au boya la dharura la setilaiti la megahezi 406. Redio zenye kitufe chekundu cha dharura hurusha mahali ulipo zikiunganishwa na GPS, lakini hapo ndipo utaratibu unapoanza, na tafadhali ufuateni kwa mpangilio. Kituo cha redio cha boti kinahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kutumia redio bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na adhabu yake inaweza kuwa faini, kifungo au vyote viwili. Kuwa na risiti ya dukani si kuwa na leseni. Kuwa umeomba leseni si kuwa nayo. Redio hupewa namba ya utambulisho yenye tarakimu tisa, na za Tanzania huanza na 674 au 677. Redio ya mtumba uliyoinunua nchi za Ghuba inaweza kuwa bado imebeba namba ya nchi nyingine na jina la boti nyingine. Siku ukibonyeza kitufe, taarifa zitakazosomeka ni za mmiliki wa zamani, na dakika za kwanza za uokoaji zitapotea kumtafuta mtu aliyelala nyumbani kwake. Kwa baadhi ya vifaa namba ikishaingizwa mtumiaji hawezi kuifuta. Inabidi irudi kwa wakala. Muulize muuzaji hilo, na jibu alitoe kwa maandishi. Boya la dharura nalo lisajiliwe kabla ya kufungwa kwenye boti.

Kuhusu kifaa chenyewe nitakuwa mfupi. Inchi 7 zinatosha boti nyingi za abiria na za uvuvi wa burudani. Vitufe ni bora kuliko kioo cha kugusa, kwa sababu mkono uliolowa na kioo kilicholowa havielewani. Kiwango cha IPX7 kinamaanisha kuvumilia kuzama mita moja kwa nusu saa. Chini ya hapo usinunue. Maneno WAAS na EGNOS kwenye boksi hayatakusaidia, mifumo hiyo ya kusahihisha GPS imejengwa kwa Marekani na Ulaya. Kifaa kiwe na fyuzi yake na waya wake hadi kwenye betri, la sivyo kitazima kila unapowasha injini. Kikizungusha alama ya boti ovyo ukiwa umesimama, hakijaharibika: GPS inajua unakoelekea kwa kuona ukisogea.

Mstari wa mpaka unaoonekana kwenye ramani hizi ni wa kuelekeza. Mpaka wetu na Uganda ziwani unafuata latitudo ya nyuzi 1 kusini, na mtu anayevua karibu nao ajiwekee kengele ya tahadhari kilomita kadhaa kabla. Ofisi yetu haitafsiri mipaka na haitoi barua za kumtetea mtu aliyekamatwa kwa hoja kwamba kifaa kilimwonyesha yuko upande wake.

Mwisho ni ukaguzi. Kifaa cha GPS ni nyongeza. Hakichukui nafasi ya dira, maboya okozi, taa za urambazaji, kizimamoto wala honi, na chombo kilichokosa vifaa vinavyotakiwa hakitapewa cheti eti kwa sababu kina kioo kizuri. Kasoro zikiandikwa, chombo kinabaki mwaloni hadi zirekebishwe na kikaguliwe tena. Mkaguzi hana mamlaka ya kukuruhusu "safari moja tu". Cheti kilichokwisha muda ni sawa na kutokuwa nacho, hata kama kimekwisha jana. Njoo na chombo kikiwa majini, nyaraka za usajili, leseni ya redio kama unayo redio, na nahodha mwenyewe, siyo mdogo wake. Mkaguzi atakiangalia kifaa, ataangalia tarehe ya ramani na mpangilio wa kina. Kisha atamwomba nahodha akizime, ashike dira, na aonyeshe kwa mkono Nansio iko upande gani.