Sidiria kwanza, raba baadaye: kwa wanawake wanaoanza kukimbia Kampala

Mwanamke akiniambia ameamua kuanza kukimbia, namuuliza kuhusu sidiria kabla hajafika kwenye viatu. Wengi hucheka. Lakini katika kazi yangu ya fiziotherapia nimewaona wanawake waliokuwa na magoti mazima kabisa wakiacha mbio, kwa sababu matiti yanauma na vijana wa stendi ya bodaboda wanakodoa macho. Sidiria ya mazoezi hushikilia kwa mkanda unaozunguka mbavu, chini ya matiti. Vidole viwili vipite chini ya huo mkanda, visipite kwa ulegevu. Kamba zikikukata mabegani, ujue mkanda umelegea na kamba zimebebeshwa kazi isiyo yake. Rukaruka papo hapo dukani. Muuzaji akishangaa, mwache ashangae. Na kwa tunaovaa hijabu: kitambaa chepesi kinachokauka haraka, pini zibaki nyumbani.

Sasa raba. Wengi tunanunua mitumba soko la Owino, na sioni ubaya, mradi ujue unachokitazama. Sponji ya soli huchoka kwa kilomita, na huchoka pia kwa umri. Raba iliyokaa miaka ghalani inaweza kung'aa huku ndani imekakamaa kama ubao. Ibonyeze sponji kwa kidole gumba uone kama inanepa na kurudi. Ikunje; ijikunje pale vidole vya mguu vinapokaa, isivunjikie katikati. Kisha iweke juu ya meza uitazame kwa nyuma. Ikiwa imelalia upande, mwenyewe wa kwanza ameshaipa umbo la mwendo wake, na wewe huna haja ya kurithi mwendo wa mtu.

Nenda kununua jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa shughuli za mchana. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kilicho kirefu kuliko vyote, ambacho kwa baadhi yetu ni cha pili. Ukiwa umezaa, pima mguu upya hata kama namba yako unaijua tangu shule, maana mimba, hasa ya kwanza, inaweza kuurefusha mguu na usirudi tena ulivyokuwa. Raba nyingi za mitumba ni za kiume, na wanawake wengi tuna kisigino chembamba kinachochezacheza ndani yake. Pitisha kamba kwenye lile tundu la juu kabisa ambalo watu huliacha wazi, ukaze hapo. Kikiendelea kuteleza, tafuta jozi nyingine.

Kuna wauzaji watakaokuangalia unyayo, wakuambie una unyayo bapa na unahitaji kiatu maalumu cha bei kubwa. Jeshi la Marekani liliwahi kulipima jambo hilo kwa makuruti wake: wengine walipewa viatu kwa umbo la unyayo, wengine wote aina moja. Majeraha hayakupungua. Kiatu kinachokupa raha tangu hatua za kwanza ndicho chako. Kikishakula kilomita 500 hadi 800, kianze kutafutiwa mrithi.

Kuhusu pumzi nitasema zaidi, kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Karibu kila anayeanza hukimbia kwa kasi kupita kiasi. Peruth Chemutai alipochukua dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji mjini Tokyo mwaka 2021, mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata medali ya Olimpiki, tuliona dakika tisa na ushee za moto. Lakini wakimbiaji wa masafa hukimbia sehemu kubwa ya kilomita zao za mazoezi kwa mwendo mwepesi kabisa. Kipimo chako ni mdomo: uweze kusema sentensi nzima bila kuhema katikati. Huwezi? Punguza. Bado? Tembea.

Anza na siku tatu kwa wiki, usizifuatanishe. Kimbia dakika moja, tembea mbili, kwa muda wa nusu saa hivi. Wiki zikienda, refusha kukimbia na ufupishe kutembea. Ukishafikisha nusu saa bila kusimama, chagua siku moja tu ya wiki uwe unairefusha kidogokidogo, nyingine ziache zilivyo. Subira inatakiwa kwa sababu viungo haviendi pamoja: moyo na mapafu hupata nguvu ndani ya wiki chache, mifupa na kano huhitaji miezi. Kwa hiyo kuna kipindi unajisikia simba na mifupa bado haijawa tayari. Wagonjwa wangu wengi hutoka katika kipindi hicho.

Na hapa kwetu kuna vilima. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukitoka nyumbani Muyenga au Makindye huna namna, utapanda. Panda kwa kutembea bila kuona haya. Kushuka ndiko kunakoyapiga magoti na mapaja, basi fupisha hatua. Ukipata nafasi ya kufika Kololo, uwanja ni tambarare na unaweza kukimbia bila kulikwepa gari.

Chakula. Mwanamke anayepata hedhi huhitaji miligramu 18 za madini ya chuma kwa siku. Mwanamume 8 zinamtosha. Maini, mukene (dagaa), maharage na dodo (mchicha) vinayo. Chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia yasifyonzwe, hivyo isogeze saa moja au mbili, na badala yake kula chungwa au pasheni. Ukichoka kuliko kawaida, pima damu kabla ya kujilaumu uvivu. Malaria nayo hupunguza damu. Wanaokimbia ili wapungue ndio wanaonitia wasiwasi, maana hula kidogo na kukimbia zaidi. Hedhi ikikosekana miezi mitatu na huna mimba, huenda mwili unakuambia chakula hakitoshi, na homoni zikishuka mifupa hupoteza uimara. Kula rolex yako baada ya mbio, dada, chapati iliyoviringishwa na mayai mawili.

Aliyejifungua asubiri angalau miezi mitatu kabla ya kukimbia. Mkojo ukivuja unapokimbia, au ukihisi uzito ukeni, jambo hilo lina matibabu, usilizoee.

Barabarani, kimbia upande wa kulia ukiyatazama magari yanayokuja, na ukumbuke bodaboda haina upande. Huku karibu na ikweta jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima. Usitoke kabla yake peke yako.

La mwisho ni ugoko. Maumivu yaliyotandaa kando ya mfupa na kupungua ukishapata joto hutulia ukipunguza mbio wiki moja au mbili. Lakini ukibonyeza ukapata sehemu moja ndogo inayouma hasa, nayo inauma hata kitandani, acha kukimbia leo hii uende hospitali. Picha ya eksirei inaweza kuonekana safi wiki mbili tatu za mwanzo ingawa mfupa una ufa, kwa hiyo ikitoka safi usirudi barabarani; rudi kwa daktari.