Kigoma na uchumi wa kijani: tunayoyasema na yaliyo kweli

Ikitajwa miji endelevu na viwanda visivyoharibu mazingira, wengi wetu huku Mwisho wa Reli huona ni habari za wengine: za Ulaya, za Dar es Salaam, za mikutano ya hotelini. Mimi naona ni kinyume kabisa. Kigoma imechelewa kupata lami, imechelewa kupata umeme wa gridi, imechelewa kupata viwanda. Kwa hiyo mengi bado hayajajengwa, na lisilojengwa bado linaweza kujengwa vizuri. Ndiyo maana maneno yanayozunguka vijiweni Mwanga, Gungu na Ujiji yanastahili kujibiwa sasa, kabla viwanja havijagawiwa na mitambo haijafungwa.

"Tutajirike kwanza, mazingira baadaye"

Hili ndilo ninalolisikia kuliko yote, na ndilo linalotugharimu kuliko yote. Wanaolisema wanaamini kwamba moshi na uchafu ni bei ya lazima ya kiwanda, na kwamba mwenye njaa hana nafasi ya kuchagua.

Tazama mawese, zao letu kubwa. Kwa mkamuaji wa kawaida, chikichi huchemshwa ndani ya pipa kwa kuni kwa saa nyingi, zikatwangwa au kupitishwa kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono, kisha mafuta yakarudishwa motoni ili yaenguliwe. Kuni hizo zinanunuliwa, au mama na watoto wanazifuata mbali. Baada ya jasho lote hilo, mafuta mengi bado yamebaki ndani ya makapi yanayotupwa pembeni.

Sasa linganisha na kiwanda kilichopangika. Makapi yaleyale na maganda ya kokwa ndiyo yanayochoma tanuri na kuzalisha mvuke, na viwanda vingi vya mawese duniani hupata humohumo hata umeme wa kuendeshea mitambo. Gogo haliingii. Mikungu mitupu hurudishwa shambani kutunza unyevu na kurutubisha udongo. Kokwa hutoa mafuta ya sabuni, na mashudu yake yanakuwa chakula cha mifugo. Yale maji mazito ya kahawia yanayobaki ndiyo yenye hatari. Yakimwagwa mtoni huoza, hula oksijeni ya maji na kuua samaki. Yakiwekwa kwenye bwawa lililofunikwa hutoa gesi ya kupikia, na tope lake likawa mbolea.

Basi kinachochafua hapo ni nini? Ni mafuta, nishati na mbolea ambavyo mwenye kiwanda alishavilipia akavitupa. Nchi hii inaagiza kutoka nje sehemu kubwa ya mafuta ya kula inayohitaji, na sisi tunamwaga yetu kwenye makapi. Umaskini wetu na uchafuzi wetu vinatoka kwenye pipa lilelile.

"Michikichi ndiyo inayomaliza misitu, afadhali tuachane nayo"

Dhana hii inatoka upande wa pili, kwa watu wenye nia njema walioona picha za Indonesia na Malaysia. Ni kweli kwamba huko misitu mikubwa ilifyekwa, na ardhi yenye mboji nzito ikakaushwa na kuchomwa. Lakini kosa lilikuwa mahali palipochaguliwa kupandwa. Kwa hekta moja, mchikichi hutoa mafuta mara kadhaa kuliko alizeti. Ukiung'oa mchikichi ukataka mafuta yaleyale kwa zao jingine, utahitaji ardhi kubwa zaidi.

Suala la Kigoma ni mbegu na mipaka. Michikichi yetu mingi ya zamani ni dura, yenye kokwa nene na nyama kidogo. Tenera, inayopatikana kwa kuchavusha dura na pisifera (aina isiyo na ganda gumu), ina ganda jembamba na nyama nene, hivyo mkungu hutoa mafuta mengi zaidi. Tangu Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, aanze kulisukuma zao hili mwaka 2018, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kimekuwa kikizalisha miche ya aina hiyo. Ekari iliyochoka ya dura ikibadilishwa kuwa tenera, mkulima anaongeza kipato bila kugusa msitu. Akifuata ardhi mpya kuelekea miombo ya Uvinza na Mahale, anaingia nyumbani kwa sokwe, kwa maana sokwe wengi wa Tanzania wanaishi mkoani kwetu na jirani zetu wa Katavi. Halmashauri inayogawa miche bila kuangalia shamba liko wapi imefanya nusu ya kazi.

Na soko nalo linaangalia. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria inayokataa mawese, kahawa na mazao mengine kadhaa yaliyolimwa kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Mkulima wa kahawa wa Kalinzi au Manyovu anaguswa na hili moja kwa moja.

"Ziwa ni kubwa, haliwezi kuchafuka"

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 673 na kina cha mita 1,470. Ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, na lina takriban asilimia 16 ya maji baridi yote ya juu ya ardhi yasiyoganda. Ukisimama Bangwe ukatazama upande wa Kongo, ni rahisi kuamini kwamba lita chache za maji machafu hazina uzito.

Lakini ukubwa huo unadanganya. Oksijeni iko kwenye tabaka la juu tu, kama mita 100 upande wetu wa kaskazini na zaidi kusini. Chini ya hapo samaki hawezi kuishi. Tena mwambao umeteremka ghafla, kwa hiyo ukanda wa kina kifupi wanakozaliana samaki wengi wanaoishi kwenye mawe ni mwembamba, na ndio huohuo unaopokea udongo na taka kutoka mjini. Zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikilidi wamo humu, karibu wote hawapatikani popote pengine. Udongo unaoporomoka kutoka vilima vilivyokatwa miti hufunika mawe yao.

Kisha kuna suala la mlango. Maji hutoka ziwani kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, na sehemu kubwa sana huondoka kwa mvuke. Mvuke haubebi uchafu. Kinachoingia kutoka Kibirizi, Katonga na bondeni mwa Luiche kinabaki na sisi, watoto wetu na wajukuu zetu, na ni maji hayahaya tunayovuta kwa ajili ya mabomba.

Hapa pia niseme neno kuhusu dagaa na migebuka, kwa sababu kupungua kwao hupewa sababu moja tu: wavuvi haramu. Nyavu haramu zipo na zinaumiza. Hata hivyo, utafiti uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba joto la ziwa limepanda, na maji ya juu yanapozidi kuwa ya moto hayachanganyiki vizuri na maji baridi ya chini. Virutubisho viko chini, na upepo wa kiangazi ndio unaovipandisha kulisha vijimea ambavyo dagaa wanavitegemea. Mchanganyiko ukipungua, chakula kinapungua. Kwa hiyo kulifunga ziwa miezi mitatu kuanzia tarehe 15 Mei, kama tulivyoanza mwaka 2024, ni hatua sahihi lakini haitoshi peke yake. Samaki wachache tulionao hatuna ruhusa ya kuwapoteza, na bado tunawaanika mchangani, mvua ikija wanaoza. Dagaa aliyeanikwa juu ya chanja hukauka pande zote mbili, hana mchanga, na muuzaji anapata bei nzuri zaidi. Kichanja cha mbao na wavu ni teknolojia ya kijani kwa maana kamili, hata kama hakuna waziri aliyekizindua.

"Umeme wa gridi umefika, kazi imekwisha"

Kwa miaka mingi taa zetu ziliwashwa na jenereta za dizeli, mafuta yakisafirishwa kutoka Dar es Salaam zaidi ya kilomita elfu moja. Mkoa ulianza kuunganishwa na gridi ya Taifa Oktoba 2022. Ni hatua kubwa, na sasa nchi ina Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Mradi wa maporomoko ya Igamba kwenye mto Malagarasi umepangwa kutoa megawati 49.5.

Lakini angalia jikoni. Nyumba nyingi zina balbu ya umeme sebuleni na mkaa uani. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Wengi huamini kwamba umeme wa kupikia ni wa matajiri. Jiko la presha la umeme hupika sufuria ya maharage kwa chini ya uniti moja, kwa sababu likishachemka hukata moto lenyewe. Shida halisi ni bei ya kununua jiko lenyewe kwa mara moja, na hilo linatatulika kwa kulipa kidogo kidogo, kama watu walivyolipia sola.

Na mtambo wa Malagarasi unategemea mto. Ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyoingizwa mwaka 2000 kwenye mkataba wa kimataifa wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu, ndiyo inayoyashikilia maji ya masika na kuyaachia taratibu kiangazi. Ikilimwa yote na kulishwa ng'ombe kupita kiasi, mitambo itakuwa na udongo mwingi masika na maji kidogo kiangazi.

"Uchumi wa kijani ni kupanda miti"

Kupanda ni jambo jema, ila miche mingi ya sherehe hufa kabla ya kiangazi cha pili. Vijiji vya kuzunguka Gombe vilijifunza njia nyingine kupitia TACARE, kazi iliyoanzishwa na taasisi ya Jane Goodall mwaka 1994: kutenga eneo, kuzuia moto, na kuviacha visiki vilivyo hai vichipue. Kisiki kina mizizi tayari. Hakihitaji kumwagiliwa, hakihitaji hotuba.

"Mji endelevu ni wa maghorofa ya vioo"

Idadi ya watu mijini Afrika inatarajiwa kufika takriban bilioni 1.4 ifikapo 2050, karibu mara mbili ya sasa, na wengi wao watakwenda kwenye miji ya kadiri ya Kigoma na Kasulu. Mkoa wetu ulihesabiwa watu 2,127,930 mwaka 2012 na 2,470,967 mwaka 2022. Mji wa namna hii hauhitaji vioo. Unahitaji mifereji inayopitisha maji, njia za miguu, mahali pa kumwaga kinyesi kinachonyonywa kwenye vyoo, na nyumba zisizojengwa mahali pa maji.

Kati ya 2020 na 2024 ziwa lilipanda, nyumba na miundombinu ya ufukweni ikazama. Wengine waliita bahati mbaya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Lau ingefuatwa tangu mwanzo, hasara ingekuwa ndogo mno.

Matofali nayo. Tanuri la matofali ya kuchoma hula lori la magogo. Tofali la kufungamana, linaloshindiliwa kwa mashine ya mkono kwa udongo na saruji kidogo, halichomwi kabisa na linaokoa hata udongo wa kujengea katikati ya kozi. Wakala wa utafiti wa nyumba bora, NHBRA, umelifundisha kwa miaka mingi. Sioni sababu madarasa yetu mapya yaendelee kujengwa kwa kuni.

"Kijani maana yake ni vitu vipya kutoka nje"

Meli yetu ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande, ikaelea Kigoma 1915. Ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Mafundi wa mji huu wamekuwa wakitengeneza badala ya kutupa kwa karibu karne nzima. Ujuzi huo ni mtaji wa viwanda, na vyuo vyetu vya ufundi viutafute kwa wazee kabla haujaondoka nao.

"Sisi hatuchafui dunia, watutolee fedha waliochafua"

Kwa lawama, ni kweli: Afrika yote hutoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ya kaboni duniani, na kudai haki hiyo ni sawa. Ila moshi wa kuni unaingia kwenye mapafu ya mama wa Kazuramimba, si ya mtu wa London. Tena bara hili lina kama asilimia 60 ya maeneo bora ya jua duniani na limefunga asilimia 1 tu ya mitambo ya umeme wa jua. Tukingoja tulipwe ndipo tuanze, tutaendelea kununua dizeli.

"Ni kazi ya serikali na wafadhili"

Reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ilitiwa saini Desemba 2022, na hiyo kweli si kazi ya mtaa. Lakini mradi wowote mkubwa hutakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wana haki ya kusikilizwa kabla haujapewa cheti. Mikutano hiyo ikiitishwa, twende na tuulize maji machafu yataelekea wapi na tanuri litachoma nini. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha akina mama wa mawese kinaweza kuombea mashine ya kukamua inayobakiza mafuta machache kwenye makapi, na kikundi cha Katonga kikaombea vichanja. Utaratibu uulizwe kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.